Kata, Kesi na Nyumba ya Mama

Watu wakisikia kwamba nasoma sheria jioni na nafanya karate alfajiri, utani wao huwa ni uleule: "Kwa hiyo kesi ikikushinda, unawapiga?" Nacheka nao. Wale wanaotaka kunisifia nao wana neno lao moja: nidhamu. Karate inakupa nidhamu, ndiyo maana unaweza kusoma sheria huku unafanya kazi. Wakishasema hivyo mazungumzo yanaisha, kana kwamba neno lenyewe limejieleza.

Neno nidhamu silikatai, ila nalionea mashaka kidogo. Tumelisikia mno tukiwa shuleni, na mara nyingi lilimaanisha kunyamaza, kupiga magoti na kufagia uwanja. Nidhamu ya namna hiyo haimsaidii mtu kusoma sheria. Pengine inamharibu kabisa, maana mwanasheria asiyeweza kuuliza "kwa mamlaka gani?" ana faida gani? Kwa hiyo nimekuwa najiuliza: ni kitu gani hasa kinachotoka dojo kikaingia kwenye kitabu cha sheria?

Nilianza karate nikiwa na miaka 26, mwandishi mgeni wa habari za mahakamani, kwa sababu ambayo haikuwa na falsafa hata chembe. Nilikuwa natoka chumba cha habari saa nne usiku na kituo cha daladala kilikuwa na giza. Nikataka kujua kupiga. Dar es Salaam ina historia yake ya karate. Mtindo wetu wa Goju-ryu uliletwa hapa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha pale Shule ya Zanaki, na wengi wanaofundisha mjini leo wanahesabu ukoo wao wa karate kuanzia kwake. Sensei wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, fundi wa mafriji, na dojo yetu ni ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakuwa tumeshapanga mstari, mikanda ya juu kulia, mikanda nyeupe kushoto.

Sheria ilikuja baadaye. Niliripoti kesi kwa miaka kadhaa nikiwa nimekaa benchi la nyuma, nasikia lugha ninayoielewa nusu. Nilichoka na nusu ile. Sasa niko mwaka wa tatu.

Anayesoma sheria nchini kwetu anasoma chini ya kivuli cha namba. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, pale wahitimu wanapopita kabla ya kuwa mawakili, yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wizara ikaunda kamati. Mitandaoni kila mtu akawa na mchawi wake. Wengine wakasema Kiingereza, wengine vyuo, wengine mtaala. Lakini neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa kukariri. Vijana wetu wanakariri, wakasema, hawaelewi.

Darasani kwetu namba hiyo bado inatajwa kama jina la marehemu. Mtu akifungua madesa usiku wa manane, anajua kwamba mbele yake kuna sapu, na nyuma ya sapu kuna kudisko. Wengi wetu ni watu wazima wenye kazi na watoto. Hatuna mwaka wa ziada wa kuchezea.

Kwa hiyo nianze na kukariri, kwa sababu ndipo dojo iliponifaa kwanza.

Kuna kata inaitwa Gekisai Dai Ichi. Aliitunga Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, mwaka 1940, akitaka karate ya Okinawa iwe na kitu chepesi cha kuwafundishia vijana. Unageuka kushoto, unakinga juu, unapiga ngumi, unarudi nyuma ukiwa umeshuka na kukinga chini. Kisha unafanya hivyohivyo upande wa kulia. Mtoto wa miaka kumi anaishika ndani ya wiki mbili. Mimi nimeifanya kwa miaka minane na bado Sensei anasimama nyuma yangu na kusema, "Kisigino."

Mwaka wa kwanza ni kukariri tu. Huulizi kwa nini unageuka kushoto. Unageuka. Ukishaacha kufikiria mguu uende wapi, siku moja Sensei anamsimamisha mwenzako mbele yako, anamwambia akukamate ukosi, halafu anakuambia: sasa fanya kata. Hapo ndipo unapogundua kwamba ile hatua ya kurudi nyuma, uliyodhani ni kukimbia, ni kumvuta mtu aliyekushika mpaka apoteze mizani. Ule mkono wa kukinga juu unaweza kuwa pigo kwenye mkono wake. Kazi hii ya kuifungua kata na kuuliza kila mjongeo unafaa wapi inaitwa bunkai. Na bunkai haina jibu moja. Akikushika mtu mrefu jibu ni moja, akikushika mfupi ni jingine.

Nilipoingia darasa la sheria nikakuta watu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaokariri vifungu na majina ya kesi kama wimbo wa shule. Wapo pia wanaodharau kukariri, wanasema sheria ni kuelewa tu, halafu kwenye mtihani wanaelewa kila kitu isipokuwa kifungu chenyewe kinasema nini. Kwangu ugomvi wao ulikuwa umeshaamuliwa na sakafu ya saruji. Unakariri kwanza, tena kwa ukamilifu, bila aibu, ili akili iwe huru kwa kazi inayofuata. Lakini kukariri ni kupata kata tu. Mtihani unakuuliza bunkai.

Nitoe mfano. Kila anayesoma sheria ya madhara hukutana na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mwaka 1928, huko Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Alidai kwamba alipokuwa amekwisha kunywa, mabaki ya konokono aliyeoza yalimiminika kutoka kwenye chupa, na kwamba aliugua. Mkataba na muuzaji hakuwa nao, kwa sababu hakununua yeye. Mwaka 1932 Mabwana wa Bunge la Uingereza wakaamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika kwa mnywaji hata kama hawajawahi kufungamana kwa mkataba. Lord Atkin akalijenga jambo hilo juu ya swali la jirani: kisheria, jirani yangu ni nani? Ni yule ambaye napaswa kumfikiria kabla sijatenda, kwa sababu tendo langu linaweza kumfikia.

Hiyo ni kata. Mtu akiisimulia vizuri anasikika amesoma. Sasa mhadhiri anaweka mezani mama lishe wa Buguruni, mteja wake, na kiwanda cha mafuta ya kupikia. Hapo konokono hayupo tena. Isitoshe, sheria zetu ziliipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Hukumu ya 1932 imekuja baada ya mstari huo. Kwa hiyo haimfungi hakimu wetu, inamshawishi tu, na wewe ndiye wa kueleza kwa nini ashawishike. Mwenye kata tupu anaishia kwenye konokono. Mwenye bunkai anauliza: aliyenishika leo ni nani, mrefu au mfupi, na mjongeo huu unamfikia?

Mhadhiri wetu ana hatua nne anazotupigia kelele kila wiki: suala ni nini, kanuni inasema nini, kanuni inaukutaje ukweli wa kesi hii, hitimisho ni lipi. Anasema karatasi nyingi anazosahihisha zina kanuni kurasa tatu na ukweli wa kesi mistari miwili. Namsikiliza na kumwona Sensei amesimama nyuma yake.

Jambo la pili ni kurekebishwa mbele za watu. Wasomi wengi hatulipendi. Nikiwa mwandishi, mhariri aliniita pembeni kuniambia kichwa cha habari kimepwaya. Dojo haina pembeni. Daktari mwenye mkanda wa kijani anaambiwa na kijana wa bodaboda mwenye mkanda wa kahawia kwamba ngumi yake imelegea, na daktari anainama kidogo, anasema ahsante, anarudia. Hakuna anayecheka, kwa kuwa kila mmoja zamu yake inakuja.

Tunayo kata nyingine, Sanchin, ambayo jina lake lina maana ya vita vitatu. Inafanywa polepole, kwa pumzi inayosikika. Wakati unaifanya, mwalimu anakuzunguka na kukupiga viganja mabegani, mgongoni, mapajani. Hakuumizi. Anaangalia kama mwili umekaa. Kazi yako ni kuendelea kupumua na kuendelea kutembea. Usisimame kujieleza, usimtazame kwa hasira.

Mwaka jana tulikuwa na mahakama ya mazoezi. Unasimama na hoja zako, na mhadhiri aliyevaa ujaji anakukatiza kwenye sentensi ya pili: "Kifungu gani? Kisome chote. Hicho ulichoruka kinasemaje?" Nilimwona mwenzangu mmoja, mtu mwenye akili kuliko sisi wote, akimeza mate na kuanza upya tangu salamu. Nilipofika mimi, maswali yalinipiga mabegani na mapajani. Nilijibu lililojibika, la pili nikasema, "Mheshimiwa, naomba nilirudie baada ya hoja ya tatu," na nikaendelea kutembea. Sikuwa na akili kuliko mwenzangu yule. Nilikuwa tu nimeshapigwa sana nikiwa nimesimama.

La tatu ndilo lililonigusa nyumbani, na ndilo zito.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Lakini kifungu cha 18B kinaipima haki hiyo: nguvu utakayotumia iwe ya kiasi, ile inayohitajika kwa utetezi huo. Ukipitiliza, unawajibika kwa kosa litakalotokana na kupitiliza kwako, na ukiua kwa kupitiliza, umeua bila kukusudia. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa kwenye kimbweta, mbu wananila, nikacheka peke yangu. Hicho ndicho tunachofanya kila Jumamosi. Mazoezi ya wawili, ngumi inakwenda kwa nguvu zote na inasimama upana wa kidole kabla ya uso. Mtu wa nje anaona hakuna kilichotokea. Kumbe kusimama kwa ile ngumi ndiyo kazi iliyochukua miaka.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alimwachia mama nyumba ya vyumba vitatu Kihonda, Morogoro, waliyoijenga wote wawili, tofali kwa tofali, yeye akiwa dereva na mama akiuza vitenge. Baada ya miezi kadhaa tukaitwa kikao cha ukoo. Baba mdogo akasema nyumba ni ya ukoo, mnunuzi ameshapatikana, na mama atatafutiwa chumba kijijini. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo. Kisha akanigeukia: "Na wewe mwandishi, hili usije ukaliandika gazetini." Watu wakacheka.

Nilikuwa na mengi ya kusema siku ile. Nilijua ni nani aliyekopa fedha za matibabu ya baba na hakuzirudisha. Nilijua mambo ambayo yangemvua nguo mbele ya watoto wake. Kaka yangu mdogo alikuwa ameshakunja mikono ya shati, na ninaposema kukunja simaanishi joto. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro lake, kulikuwa na barua ya toleo ya kiwanja.

Nikavuta pumzi mpaka chini ya kitovu, kama Sensei anavyotaka. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo. Naomba kuuliza jambo moja tu. Mahakama imemteua nani kuwa msimamizi wa mirathi ya baba?"

Kimya. Akasema ukoo umeshaamua. Nikamwambia kwa heshima kwamba ukoo unaweza kukaa na kupendekeza jina, lakini anayemteua msimamizi ni mahakama. Na hata huyo msimamizi nyumba haiwi yake, kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Leo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza hata mlango. Basi, nikanyamaza. Shangazi mkubwa, ambaye hakuwahi kuwa upande wetu, akasema, "Mtoto ameuliza. Ajibiwe." Mnunuzi hakuonekana tena.

Sheria ile niliyoitaja ni nyepesi, mwanafunzi yeyote anaijua. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba elimu ndiyo iliyotusaidia peke yake. Ugumu ulikuwa kusema jambo moja wakati una kumi mdomoni, na kulisema kwa kiasi kile tu kinachohitajika. Kama ningemvua nguo, kikao kingekuwa juu ya matusi yangu, na nyumba ingesahaulika. Kifungu cha 18B kinahusu mwili, lakini mimi nadhani kuna toleo lake la mdomo, na halijaandikwa popote. Unalijua kwa mazoezi tu.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nauza mikanda. Karate haikusomei kitabu. Kuna jioni nalala kwenye daladala na kupitiliza kituo, na kifungu cha kesho bado hakijafunguliwa. Pia dojo ina hatari yake kwa mwanasheria: utii. Dojo inataka uamini kwanza na kuelewa baadaye. Hilo ni sawa mbele ya mzee aliyekujali miaka minane. Mbele ya mkataba uliopitiwa na wakubwa, au amri isiyo na saini, ni balaa. Nimewaona watu wenye mikanda mizuri wanaoinama kwa kila mwenye sauti nzito. Sheria inakudai umheshimu hakimu na bado umwambie kwamba anakosea, halafu ukate rufaa. Dojo haina rufaa. Hicho nimelazimika kukipata kwingine, kwenye hukumu zenyewe, hasa zile za majaji waliobaki wachache wakaandika kwa nini hawakubaliani na wenzao. Wale wawili waliokataa kwenye kesi ya konokono nao waliandika kurasa zao, na mimi huzisoma kwa makini kama za washindi.

Labda ndiyo maana naona wapenzi wa vitabu wangeielewa karate kuliko wanavyodhani. Anayerudia riwaya moja mara ya nne anajua kwamba maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni kile anachokiona ndani yake. Kata ni matini. Kifungu ni matini. Vyote viwili vinamtaka msomaji mwenye subira, asiyeona aibu kurudi ukurasa wa kwanza.

Mama alipeleka maombi ya mirathi Mahakama ya Mwanzo. Baba mdogo ameweka pingamizi, na shauri bado linasikilizwa. Mimi si wakili, na mama anasimama mwenyewe. Mwisho wa mwezi nikipata nafasi napanda basi kwenda Morogoro na tunakaa jikoni. Anaeleza: jina lake, ndoa yake, mwaka waliopewa kiwanja, watoto wangapi. Ni mambo yake mwenyewe, ya kweli, anayajua kuliko mtu yeyote. Lakini mara ya kwanza alipoyaeleza alilia kwenye mwaka wa kiwanja na hakuweza kuendelea.

Kwa hiyo namkatiza. "Mama, kiwanja kilipatikana lini? Barua iko wapi? Nani alishuhudia?" Mwanzoni alininunia, akasema mimi ni mtoto gani huyu. Wiki iliyopita nilimkatiza mara sita. Alisimama, akashika meza kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akajibu yote sita, na pale kwenye mwaka wa kiwanja sauti ilitetemeka lakini haikukatika. Akageuza ugali, akafunika sufuria.

"Tena," akaniambia. "Tangu mwanzo."